Panya Hujibu Aliloulizwa

Wapo ndugu zetu wanaodhani kwamba dawa iliyomponya panya imekwisha thibitika kumfaa binadamu. Wapo na wengine wanaosema kwamba majaribio ya panya ni bure tupu. Makundi yote mawili yamekosea, na historia ya dawa za baridi yabisi yatosha kuwa ushahidi.

Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwenyewe. Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya akidungwa kolajeni, protini itokayo katika gegedu, viungo vyake huvimba na kuharibika karibu kama vya mgonjwa. Tangu hapo dawa za kuipunguza nguvu kinga ya mwili zikapata mahali pengine pa kupimiwa.

Mwaka 1992 Williams, Feldmann na Maini wa London walitangaza kwamba panya wa namna hiyo walipata nafuu ilipozuiwa protini iitwayo TNF, inayochochea uvimbe. Waliotibiwa ni pamoja na panya waliokwisha ugua, kwani hata binadamu huja hospitali akiwa mgonjwa tayari. Swali lilikuwa sahihi na jibu likawa sahihi. Mwaka 1999 dawa ya infliksimabu, inayoizuia TNF, iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa baridi yabisi.

Lakini mwaka 2001 ikatolewa taarifa ya watu 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kutumia dawa hiyo, walio wengi katika nchi ambako kifua kikuu ni haba. Je, panya alidanganya? Hasha. Panya wa baridi yabisi hawakuwa na vijidudu vya kifua kikuu, basi wasingeweza kujibu juu yake. Onyo lilikuwapo, ila lilitoka kwa panya wengine: utafiti wa mwaka 1995 ulikwisha onyesha kwamba mwili ukikosa TNF hushindwa kuvizuia vijidudu hivyo.

Kwetu Tanzania, ambako kifua kikuu kingali tishio, funzo hili lina uzito wa pekee. Haitoshi kuambiwa kwamba dawa imefaulu katika maabara za ng'ambo. Kila anayeiagiza na kila mganga anayeiandika hana budi kuhakikisha mgonjwa amepimwa kwanza, hata kifua kikuu kilicholala mwilini bila dalili. Nao walimu wa sayansi wawazoeze vijana kuuliza: panya huyu aliulizwa nini, na nini hakuulizwa? Taifa lisilojua kuuliza litameza majibu ya maswali ya watu wengine.