Risala ya Wakulima na Wafugaji kuhusu Vibali vya Ujenzi Vijijini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,


Sisi wakulima na wafugaji wa vijiji vya mkoa wa Kagera vilivyoingizwa ndani ya eneo la mipango miji tunaomba utusikilize kuhusu taabu tunayoipata kila tunapotaka kujenga nyumba ya vyumba viwili, banda la mbuzi au stoo ya kahawa.

Mheshimiwa, tusieleweke kwamba tunaikataa sheria ya ujenzi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa huu, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Hata shule kongwe za Ihungo na Nyakato hazikupona. Tulipokuwa tukifukua vifusi tuliona wenyewe nini kiliangusha nyumba: tofali zilizounganishwa kwa udongo mtupu, kona zisizofungamana, kuta zisizo na mkanda wa zege, gebo nzito zilizosimama bila kushikwa na kitu. Aliyemzika jirani yake siku ile hahitaji kushawishiwa kuhusu nondo. Tunachohitaji ni mtu wa kutuonyesha nondo inakaa wapi, tena kabla hatujapaua.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Mtaalamu wa halmashauri hatumwoni tunapochimba msingi, wala tunapofikia linta. Tunamwona bati likishawekwa, amekuja na rangi nyekundu kuchora alama ya X. Mama mmoja kijijini kwetu, mjane, alichorewa alama hiyo kwenye banda la mbuzi lililoinuliwa juu ya nguzo za mkaratusi, lenye sakafu ya mbao zilizoachiana ili samadi ianguke chini. Ni banda lile lile ambalo maofisa mifugo wamekuwa wakituhimiza tujenge. Alipokwenda kuuliza, alidaiwa ramani iliyogongwa mhuri wa mbunifu majengo. Gharama ya kuchora ramani hiyo inazidi gharama ya banda lenyewe, na mbuzi wote waliomo.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka kila anayejenga ndani ya eneo lililotangazwa apate kibali kwanza. Sawa. Lakini katika halmashauri yetu fomu ni moja kwa mwenye ghorofa mjini na kwa mwenye kibanda cha kuku, viambatisho ni vilevile, na ofisi ni ileile ya wilayani inayofikiwa kwa nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi. Fomu inadai hati ya kiwanja kilichopimwa. Vibanja vyetu tumerithi, mipaka yake ni miti ya mramura inayojulikana na majirani wa pande zote, na wachache miongoni mwetu wana hati ya hakimiliki ya kimila. Wenye hati hizo nao wamerudishwa. Mheshimiwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa. Tunaomba kujua ni kwa maelekezo gani karatasi iliyotolewa kwa sheria ya nchi inakataliwa dirishani.

Jambo jingine ni majira. Huku tunafyatua na kuchoma tofali kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kisha tunajenga kabla mvua hazijashika. Ombi la kibali likikaa mezani miezi mitatu, tofali mbichi zinarudi kuwa tope na pesa ya kahawa iliyokusudiwa kununua saruji inaliwa nyumbani. Ndiyo maana wengi wanajenga usiku, wikendi na sikukuu. Nyumba inayojengwa kwa kujificha haina fundi mzuri, na tetemeko likirudi ndiyo itakayoanguka ya kwanza. Utaratibu uliowekwa kutulinda unatusukuma kwenye hatari ileile.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo.

Mabanda ya mifugo, stoo za mazao, vichanja vya kuanikia kahawa na majiko ya nje yaondolewe kwenye fomu ya wilaya. Serikali ya kijiji iyaidhinishe kwa kuangalia mambo machache yanayogusa afya na amani: umbali wa banda na nyumba ya jirani, umbali wa choo cha shimo na kisima, njia ya maji ya mvua. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaviruhusu vijiji kutunga sheria ndogo zikiidhinishwa na halmashauri. Tuko tayari kuitunga yetu; tunaomba mwanasheria wa halmashauri aje atusaidie kuiandika.

Kwa nyumba ndogo za kuishi, halmashauri iandae ramani za mfano, zenye msingi, kona na mkanda unaostahimili tetemeko, zibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji na zitolewe bure. Zisilazimishe tofali za saruji pekee. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefanyia kazi tofali za kufungamana za udongo na saruji. Mafundi wetu wafundishwe kuzitengeneza. Atakayefuata ramani ya mfano ajibiwe ndani ya siku 30.

Fundi sanifu wa halmashauri apangiwe siku ya kuja kila kata, akague msingi kabla haujafukiwa na mkanda kabla zege halijamwagwa. Hakimiliki ya kimila ipokewe kama sheria inavyosema, na asiye nayo athibitishwe na halmashauri ya kijiji.

Mwisho, alama za X zilizokwisha kuchorwa kwenye mabanda na stoo zisimamishwe hadi tupate majibu, ambayo tunaomba yaje kwa maandishi kabla ya kiangazi kijacho na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji.