AC ya gari la zamani isijazwe gesi ya kupikia

Joto linapozidi, wazazi wengi wenye magari ya zamani hukumbuka AC iliyokufa siku nyingi. Kwa fundi huweza kupewa bei mbili: ya kubadilisha mfumo utumie gesi mpya, na nyingine ndogo ya "kuongeza gesi tu". Ushauri wangu ni mmoja. Kama huna fedha ya kubadilisha mfumo, endesha gari ukiwa umefungua vioo. Usikubali gesi usiyoijua.

Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na mionzi ya jua inayochangia saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Kwa sababu hiyo, Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliamua iondolewe, na nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi 2010. Nafasi yake kwenye magari ilichukuliwa na R-134a, isiyoharibu ozoni.

R-12 ilipoadimika, njia ya mkato ikawa mtungi wa gesi ya kupikia. Ni kweli inapoza. Tatizo ni mahali inapopita. Kifaa kinachopoza hewa kimefichwa nyuma ya dashibodi, na feni husukuma hewa kupitia hapo hadi mlipokaa. Kikitoboka, gesi inayowaka inaingia ndani, vioo vimefungwa, mtoto amelala kiti cha nyuma. Cheche moja inatosha.

Utaambiwa kuwa hata friji za nyumbani hutumia gesi zinazowaka. Zipo, lakini zimeundwa kwa gesi hiyo tangu kiwandani, huwekewa kiasi kidogo, na hazigongwi barabarani.

Hata R-134a haimiminwi tu juu ya gesi ya zamani. Fundi anayejua kazi hunyonya kwanza gesi iliyobaki kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Hubadilisha oili, kwa sababu ile ya zamani haichanganyiki na gesi mpya na kompresa inaweza kukwama. Hubadilisha kichujio cha unyevu na mipira iliyochoka, huweka viungio vipya vya kujazia, hupima kama kuna uvujaji, kisha hubandika lebo inayotaja gesi iliyomo. Muulize kuhusu kila hatua kabla ya kulipa.

Usikae gereji na watoto kazi hiyo ikifanyika. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Zikiachiwa mahali palipofungwa hutuama chini na kufukuza oksijeni, na mtoto mdogo yuko karibu na sakafu kuliko wewe. R-12 na R-134a zikikutana na moto hutoa moshi wenye sumu unaounguza mapafu. Kwa mgonjwa wa pumu, hatari ni kubwa zaidi.

Gesi ikimrukia mtu, huweza kugandisha ngozi au jicho. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha awahishwe hospitali. Ngozi iliyoganda iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, isisuguliwe wala kukaushwa kwa moto. Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, simama, zima injini, toeni watoto kwanza, fungua milango na usiwashe kitu chochote.

Gharama ya kubadilisha mfumo ni kubwa, na sioni aibu kwa mzazi anayeahirisha kazi hiyo hadi mwakani. Jasho la safari hukauka kwa maji ya kunywa na upepo wa dirishani. Mapafu na ngozi ya mtoto iliyoungua havirudi upesi hivyo.