Chumba cha Usiku Mmoja na Kodi Yake



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya zetu za Kariakoo alinisubiri nje ya sakristia. Amerithi nyumba ya ghorofa. Chini kuna fremu za maduka. Vyumba vya juu amevitia vitanda, naye huvipangisha kwa siku kwa wafanyabiashara wa Zambia na Kongo wanaokuja kununua bidhaa. Akaniuliza: “Baba, hivi hela hii nayo ina kodi?”

Inayo, mama.

Kwa fremu, jambo ni jepesi. Mpangaji mfanyabiashara huzuia asilimia 10 ya pango, huipeleka Mamlaka ya Mapato, na kumletea mwenye nyumba cheti cha kodi ya zuio. Mgeni wa usiku mmoja hazuii kitu. Hulipa taslimu alfajiri, akapanda basi la Tunduma. Mkataba hakuna, na mara nyingi hata stakabadhi hakuna. Hapo mwenye nyumba amebaki na dhamiri yake: ayatangaze mapato hayo yeye mwenyewe, apate leseni ya halmashauri ya jiji, na wageni awaandike kitabuni.

Wengine husema wamekwisha kulipa kupitia LUKU. Kweli, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa tunaponunua umeme, lakini haifuti kodi ya mapato. Tena anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ilhali deni ni la mwenye nyumba. Ni wangapi kati yetu wamemrudishia fedha hizo? Na wale wanaomwongezea mpangaji asilimia 10 juu ya pango walilopatana, mimi naliona jambo hilo kuwa dhuluma, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo.

Sisemi kwamba serikali haina lawama. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, hata Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Malalamiko yana mahali pake. Lakini Katekisimu, namba 2240, inauhesabu ulipaji wa kodi kuwa wajibu wa kimaadili, wala haiwabagui wale ambao mapato yao hayaonekani.

Mama yule aliuliza tena: na miaka mitatu iliyopita? Ana daftari la wageni wote. Nilimshauri aende nalo ofisi ya kodi kabla hawajamfuata, aombe kulipa kwa awamu. Aliondoka hajafurahi.