Mlingoti Kwanza, Kamera Baadaye: Rai kwa Wachezaji Tenisi wa Magadi

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wanaolaumu wenzao huku wakijisahau. Katika mchezo wa tenisi, hata hivyo, methali hii si suto tu, bali ni maelezo ya hali halisi. Mchezaji huuona mkono wa mpinzani wake, huyaona magoti yake, na hutambua mara moja anapochelewa kurudi katikati ya uwanja. Asichokiona ni mwili wake mwenyewe. Ataapa kwamba huurusha mpira mbele ya uso wake anapouanzisha, kumbe huurusha nyuma ya sikio. Ataapa kwamba hupinda magoti, kumbe amesimama wima kama mgomba.

Mahali penye walimu wengi wa mchezo, mwenye kumwonyesha mchezaji kundule ni mwalimu wake. Lakini je, kijana wa Magadi afanyeje? Mji huo umejitenga kando ya ziwa la magadi kusini mwa Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, na kumfuata mwalimu huko kila juma ni gharama ambayo wazazi wachache huimudu. Kijana huyo hana budi kujirekodi anapocheza, kisha awe mwalimu wake mwenyewe. Swali linalozuka ni hili: anunue vifaa gani? Makala haya yanashikilia kwamba wengi hulijibu swali hili kinyumenyume. Huanza na kamera, ilhali jambo la kwanza ni mahali kamera itakaposimama.

Magadi si ngeni kwa kamera. Sinema ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa kwa sehemu katika ziwa hilo likisimama badala ya Ziwa Turkana. Watalii nao hawaishi kuwapiga picha heroe na ule weupe wa magadi unaotanda hadi upeo wa macho. Kamera hizo zote zimelitazama ziwa. Sasa ni wakati wa vijana wa Magadi kujitazama wao wenyewe, na kwa kusudi la maana zaidi kuliko kumbukumbu ya albamu.

Kusudi hilo si la kubuni. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa katika intaneti, na mwaka 2015 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72. Yego alianza kwa kuwatazama wengine. Mchezaji tenisi asiye na mwalimu anahitaji pia kujitazama yeye. Kwa upande wa tenisi yenyewe, Angella Okutoyi alitwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon mwaka 2022 katika mchezo wa wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na mwaka 2024 akanyakua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Njia ya vyuo vya Marekani iko wazi kwa wengine pia, lakini walimu wa vyuo hivyo hawawezi kuzunguka dunia nzima wakitafuta vipaji. Ndiyo maana huwaomba vijana wawapelekee video za michezo yao. Kijana asiye na video ni kama mwombaji kazi asiye na barua.

Hapa ndipo hatari ilipo. Tuchukulie kwamba mzazi mmoja wa Kajiado ameuza mtamba ili mwanawe apate kamera. Kijana anaingia dukani Nairobi, muuzaji anamtolea kamera nyeusi yenye lenzi ndefu kama mkono, ile aionayo shingoni mwa waandishi wa habari za michezo. Kijana anavutiwa, analipa, anarudi nyumbani. Siku ya mechi anagundua kwamba lenzi ile humleta karibu mtu mmoja aliye mbali, ilhali yeye anataka kuuona uwanja mzima kutoka karibu. Mtamba umekwenda na mchezo haukuonekana. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Hebu tuupime uwanja. Urefu wake ni mita 23.77, upana ni mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja na mita 10.97 kwa wawili wawili. Nyuma ya mstari wa mwisho kwa kawaida huachwa nafasi ya mita 6.40 hivi kabla ya kuufikia ua. Kamera ikisimama hapo uani, katikati, inahitaji pembe ya nyuzi zipatazo 66 ili ione mstari wote wa karibu wa mchezo wa mmoja mmoja, na nyuzi zipatazo 81 kwa wawili wawili. Lenzi kuu ya simu nyingi za leo huona nyuzi zinazokaribia 70, na lenzi pana iliyo kando yake huona zaidi ya 100. Kwa maneno mengine, simu ambayo huenda tayari imo mfukoni mwa kijana au mwa mjomba wake inaifaa kazi hii kuliko ile lenzi ndefu ya bei ghali.

Hata hivyo, upana bila kimo haufui dafu. Wengi huiweka simu juu ya kiti, au kwenye stendi ya miguu mitatu inayofika kifuani mwa mtu. Kamera iliyo kwenye kimo cha mita 1.5 mahali tulipopataja huitazama sakafu yote ya upande wa pili kupitia matundu ya wavu wa katikati. Mpira ukidunda mbali, huwezi kujua ulidunda wapi, na mchezaji aliye karibu huwa mara kwa mara amemziba mwenzake. Ipandishe kamera hadi mita 3, na mita zipatazo 4 za mwisho za upande ule zitaonekana juu ya wavu. Ipandishe hadi mita 4, na hata ule mstari unaopakana na visanduku vya kuanzishia mpira utaonekana bila kizuizi. Tofauti hii hailetwi na bei ya kamera. Inaletwa na mita mbili na nusu za bomba.

Na bomba hilo halihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Kitengela anaweza kutengeneza mlingoti wa kufungwa kwenye nguzo ya ua, wenye kishikizo cha simu juu yake. Jambo la kuangalia ni kwamba mlingoti usitikisike upepo unapovuma, kwa kuwa picha inayoyumba huchosha macho na huficha makosa. Pale ambapo ua ni wa waya, lenzi isogezwe hadi iguse tundu la waya, la sivyo kamera itauona waya vizuri na kuwasahau wachezaji.

Baada ya mahali ndipo tuzungumzie kamera yenyewe, na sifa ya kwanza ya kuulizia ni idadi ya fremu kwa sekunde. Mpira ulioanzishwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa husafiri takriban mita 44 kila sekunde. Kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde itauona mpira huo mara moja katika kila mita moja na nusu. Inayopiga fremu 60 itauona katika kila sentimita 74. Kwa mtu anayetaka kujua raketi yake iliupiga mpira wapi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kujua na kukisia. Kwa hiyo, mwenye kuchagua kati ya picha kubwa mno ya fremu 30 na picha ya kawaida ya fremu 60, achague fremu.

Sifa ya pili ni ustahimilivu. Mechi yaweza kuchukua dakika 90 au zaidi, na kamera nyingi za picha za miaka iliyopita hujizima zenyewe zikikaribia nusu saa. Atakayenunua kamera iliyokwisha tumika aulize jambo hili kabla ya kutoa pesa. Nafasi ya kuhifadhia nayo ihesabiwe mapema. Kwa kipimo cha kawaida cha fremu 60, simu hutumia kiasi cha megabaiti 90 kwa dakika, yaani takriban gigabaiti 8 kwa mechi ya dakika 90. Ukichagua kipimo cha juu kabisa, mechi hiyo hiyo yaweza kumeza zaidi ya gigabaiti 30, na kuituma kwa intaneti ya vifurushi kutakuwa ndoto.

Sifa ya tatu ni ya Magadi hasa, na haimo katika matangazo ya maduka. Magadi iko kwenye kimo cha takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake hupita nyuzi 35 mara nyingi. Simu nyingi hutengenezwa zifanye kazi katika hewa isiyozidi nyuzi hizo hizo 35. Ikiachwa juani saa nane mchana, simu itajizima katikati ya seti. Dawa yake ni kivuli: kofia ya kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe juu ya kishikizo, na mechi ichezwe asubuhi au jioni inapowezekana. Kisha kuna vumbi la magadi. Lenzi ikipanguswa kwa shati huku ina chembechembe hizo, kioo hukwaruzika. Vumbi lipeperushwe kwanza, kisha lifagiliwe kwa brashi laini, ndipo kitambaa kifuate. Kuhusu mng'ao wa mchana, kipimo cha mwanga kifungwe kabla ya mechi kuanza, ili picha isiwe inapauka na kufifia kila wingu linapopita.

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba mwalimu wa chuo cha ng'ambo atavutiwa na picha safi ya kamera kubwa. Hoja hii ina uzito wake, kwani picha yenye giza au ukungu haimfai mtu yeyote. Lakini mwalimu huyo hatafuti mpiga picha, anatafuta mchezaji. Anataka kuona miguu inavyokwenda, uamuzi unavyofanywa, na jinsi kijana anavyojibeba baada ya kupoteza pointi tatu mfululizo. Hayo yote huonekana kwenye video ya simu iliyoko kwenye kimo cha mita 4, na hufichika kwenye video ya kamera ghali iliyowekwa kitini. Wengine watasema kwamba mwenye pesa na anunue atakacho. Naam, na anunue. Sisi tunamsemea yule ambaye pesa yake ni mtamba.

Pana sababu nyingine ya kujirekodi, hususan mtu achezapo ugenini. Nairobi na Kitengela ziko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina hata mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kijana wa Magadi akipanda huko na kuona mikwaju yake ikitoka nje, hudhani ameingiwa na woga. Akizilinganisha video mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya ugenini, ataona kwamba mkono wake ni ule ule na kwamba ni hewa iliyobadilika. Kujua hivyo kunaweza kumwokoa asiuharibu mkwaju ambao haukuwa na kosa.

Bila shaka kifaa hakifundishi chenyewe. Video isiyotazamwa ni mzigo tu kwenye simu. Mchezaji aitazame kabla siku mbili hazijapita, akiwa na daftari, na aandike kosa moja tu la kurekebisha juma hilo. Aandike kwa lugha anayoifikiria. Si lazima kosa lingoje jina la Kiingereza ndipo lirekebishike. "Nachelewa kugeuza bega" ni maelezo kamili. Aidha, mpinzani aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, na akiwa mtoto, mzazi wake aombwe. Kioo ni cha kujitazama, si cha kumchungulia jirani.

Kwa kuhitimisha, tunatoa rai kwa shule, vilabu na wafadhili wa michezo katika Kaunti ya Kajiado. Msikimbilie kununua kamera itakayofungiwa kabatini ofisini hadi ipitwe na wakati. Simikeni mlingoti mmoja wa mita 4 nyuma ya kila uwanja wa tenisi, wenye kishikizo na kivuli, na muuache hapo mchana na usiku. Atakayekuja na simu ya bei nafuu ataitundika; atakayekuja na kamera ya maelfu ataitundika papo hapo. Kamera itazeeka na kubadilishwa. Mlingoti utabaki, na kila kijana atakayepita chini yake atapata kukiona kile ambacho nyani wa methali hakukiona.