Kidonge cha buluu na yai lililokataliwa

Na Mwanaidi Shekue

Kila wiki, katika shule za serikali nchini India, vijana waliobalehe hupewa kidonge cha buluu chenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Mpango ulianza 2013, ukaongezewa nguvu 2018.

Damu haikuongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2015–16 ulikuta wasichana 54 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wana upungufu wa damu. Ule wa 2019–21 ukakuta 59. Kwa Waadivasi, wenyeji wa misitu na milima ambao idadi yao inapita milioni 100, hali ni mbaya zaidi.

Maofisa hulalamika kwamba wasichana hawamezi. Wapo kweli. Kidonge huchafua tumbo na kugeuza choo kuwa cheusi, na kukimeza na njaa ni adhabu. Lakini aliyeacha shule ili achanje kuni na kulea wadogo zake, huyo kidonge kitamfikaje? Anatembea peku, minyoo ya safura inamnyonya. Nyumbani anakula mwisho, baada ya baba na kaka. Sheria imekataza aolewe kabla ya miaka 18, naye anaolewa hivyo hivyo, mimba inamkuta damu yake haijakaa sawa.

Chakula chenyewe nacho kimebadilika. Msitu uliwapa mboga za majani, viazi mwitu, uyoga, samaki na nyama ya mawindo. Shambani waliotesha ulezi. Sheria za misitu za wakoloni zilimgeuza mwenye msitu kuwa mwizi wa kuni, na mabwawa, migodi na hifadhi vikamalizia kazi. Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya kuwarudishia haki zao za msitu na kukiri kwamba walidhulumiwa. Hati za ardhi zinatoka kwa kusuasua. Duka la serikali hutoa kilo 5 za nafaka kwa mtu kwa mwezi, aghalabu mchele au ngano. Shibe ipo, damu haipo.

Hapo ndipo hadithi ya yai inapoingia. Mwaka 2015 Shivraj Singh Chouhan, Waziri Kiongozi wa Madhya Pradesh, jimbo lenye Waadivasi wengi kuliko yote, alikataa pendekezo la kuwapa watoto wa baadhi ya wilaya zao mayai katika vituo vya lishe. Yeye mwenyewe hali nyama. Waadivasi wengi wanakula, ila hawakuulizwa. Yai lina vitamini B12, ambayo nayo ikipungua hudhoofisha damu, na kidonge cha buluu hakina.

Kuna na seli mundu, ugonjwa wa damu ambao wasomaji wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kuelezwa. Kwa Waadivasi umejulikana tangu 1952, ulipogunduliwa milima ya Nilgiri. Kampeni ya taifa ya kuupima na kuutokomeza ilizinduliwa Julai 2023. Miaka 71! Katika muda huo wote, ni wasichana wangapi walioambiwa wameze tu chuma?

Karnataka, jimbo jingine la India, iliamua vingine. Mwishoni mwa 2021 ilianza kugawa mayai shuleni katika wilaya zake maskini za kaskazini, viongozi wa dini wakapinga kwa nguvu. Serikali haikurudi nyuma: anayekula yai alipewa yai, asiyekula akapewa ndizi.