Nahodha Si Lazima Awe Mwenye Chombo

Hakuna methali inayotumiwa vibaya katika mikutano ya makanisa na makampuni kuliko ile isemayo kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aghalabu hutolewa mara tu muumini anapouliza sadaka ya ujenzi imefikia wapi, au mwanahisa anapotaka kujua ni nani aliyeidhinisha mkopo. Mwulizaji hunyamazishwa, methali ikapigiwa makofi, na kikao kikaendelea. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kwamba methali hupata maana katika muktadha wake. Muktadha wa hii ni bahari, na yafaa irejeshwe huko kabla ya kuamuliwa inamuunga nani mkono.

Katika majahazi ya mwambao wa Afrika Mashariki, nahodha alikuwa mmoja, naam, na neno lake lilifuatwa bahari ilipochafuka. Hata hivyo, hakufanya kazi peke yake, wala chombo hakikuwa lazima kiwe chake. Chini yake alikuwapo serahangi aliyewasimamia mabaharia. Na palipokuwa na miamba, rubani aijuaye bandari ndiye aliyeelekeza njia. Mara nyingi mwenye chombo alikuwa mfanyabiashara aliyebaki nchi kavu. Safari ilipokwisha, nauli ya shehena ilihesabiwa, gharama zikaondolewa, kisha mwenye chombo, nahodha na mabaharia wakagawana mafungu kwa desturi iliyojulikana kabla ya tanga kupandishwa. Hesabu hiyo haikumpunguzia nahodha heshima hata chembe. Methali, basi, inawakataza watu wawili kushika usukani kwa wakati mmoja. Haisemi kwamba aliyeushika asiulizwe habari za shehena.

Lugha yenyewe ina lawama kidogo hapa. Katibu ni mwandishi, mweka hazina ni mwenye kuweka; majina yao yanataja kazi. Mwenyekiti hutajwa kwa kile alicho nacho, na wapo waliolichukua jina hilo kwa uzito wake wote hata kiti kikageuka urithi. Bahati mbaya kwao, sarufi haiwaungi mkono. Kivumishi cha pekee -enye hakidai umiliki wa milele: mwenye njaa akishiba huwa si mwenye njaa tena, na mwenye zamu humpisha mwenzake zamu inapokwisha.

Makanisa kadhaa yamelitambua jambo hili katika miundo yao. Askofu wa Kanisa Katoliki hutakiwa kumwandikia Papa barua ya kujiuzulu atimizapo umri wa miaka 75. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) huongozwa kwa mabaraza yanayopandana, kuanzia wazee wa kanisa la mahali, parokia na presbiteri hadi Mkutano Mkuu, ambao humchagua moderata kwa muhula maalumu. Kati ya 2003 na 2021 viongozi watatu walipokezana kiti hicho, kila mmoja miaka 6. Migogoro haikukosekana, lakini kiti kilibaki kuwa cha kanisa.

Upande wa pili yapo makanisa ambamo mwanzilishi ndiye askofu, mkewe ndiye mweka hazina, na hati ya kiwanja ina jina lake. Huenda ana nia njema, wengi wanayo. Swali ni nani atamzuia siku nia ile itakapobadilika. Mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Nani alitenda nini ni jambo la mahakama kuamua. Linalohusu hoja hii ni kwamba wafuasi wale hawakuwa na sinodi wala baraza la juu ambako mmoja wao angeweza kukatia rufaa neno la mhubiri.

Biashara haiangamizi kwa namna hiyo, ila nayo huacha majeruhi. Nakumatt, kampuni ya familia iliyotokana na duka la magodoro mjini Nakuru, ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Waliopoteza ni wafanyakazi na wauzaji wadogo wa bidhaa, ambao hawakuwa na kiti popote katika chombo hicho. Kwa upande mwingine, Bob Collymore wa Safaricom alipofariki tarehe 1 Julai 2019, siku iliyofuata bodi ilimtangaza Michael Joseph kukaimu nafasi yake, hadi Peter Ndegwa alipoishika Aprili 2020. Mdadisi atasema kwamba bodi ililazimika kumrudia mkuu wa zamani, na ni kweli. Lakini palikuwa na bodi ya kumrudia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa bodi ni hirizi. Maduka ya Uchumi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1975, yalikuwa na bodi, wanahisa na jina katika Soko la Hisa la Nairobi, na bado milango yake ilifungwa Juni 2006 kabla ya kufunguliwa tena. Viti vinaweza kujaa watu wasiouliza.

Katika haya yote wasomi wa Kiswahili wana kazi ambayo wengine hawataifanya. Katiba nyingi za makanisa na za vyama vya akiba na mikopo zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Muumini huambiwa "katiba inasema", naye hana njia ya kuthibitisha. Idara za Kiswahili huwapa wanafunzi hadithi fupi wazitafsiri. Zingeweza pia kuwapa katiba ya kanisa au ya chama, wakaanza na vifungu vitatu tu: nani hutia sahihi hundi, muhula huisha lini, na nani huitwa mwenyekiti akikataa kuondoka. Vyama vya wanafunzi vingeanza na katiba zao vyenyewe, kabla katibu anayehitimu hajaondoka na faili.