Mchanga Utunyweshao

Idi iliyopita nilimtembeza mgeni wangu wa Hulugho, huko Garissa, pamoja na watoto wetu, juu ya vilima vya mchanga vya Shela, Lamu. Watoto walipanda mbio, wakabingirika hadi chini, wakacheka. Matembezi hayo hayataki zaidi ya miguu na chupa ya maji.

Mgeni akauliza, "Sheikh, kisiwa hiki hakina mto. Maji mwayapata wapi?"

Nikamjibu, "Wayakanyaga."

Mvua huzama katika mchanga huo, maji matamu yakakaa juu ya yale ya chumvi. Humo ndimo mna visima viunyweshavyo mji wa Lamu.

Akanyamaza. Kwao mvua ikikosa, silanga hukauka na maji huletwa kwa lori. Kisha akawaamuru wanawe waokote chupa zote walizozitupa.

Nikaona haya. Sisi wenyeji twaacha majumba yaparamie vilima hivyo, na vyoo vyake vishukie maji yetu! Mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 utaishi kwa sifa bila kisima?

Ndugu zangu, wapelekeni watoto Shela wacheze. Lakini waambieni wanakanyaga nini.